Siku ya Zamfira

Cremona, 18 Februari 2003

Toader mume wangu,

Kwanza nijibu bila kunificha: zile soksi nilizotuma unazivaa au umemvisha mbuzi?

Huku ni mvua na ukungu. Bibi kizee wangu, Sinyora Ottavia, miguu haimbebi tena. Namnyanyua kitandani asubuhi, naye ananiambia, "Taratibu, binti, mimi ni kikombe cha udongo." Jana alinitaka nimsimulie mambo ya kwetu, nikamsimulia Bibi Dokia: alivyomtesa mkwe wake, mke wa mwanawe, alivyoona ua moja akadhani baridi imekwisha, akapanda mlimani na kondoo wake, mwenyewe amevaa makoti tisa, kila siku akivua moja kwa joto, mpaka alipobaki na gauni tupu, baridi ikarudi ikamgeuza jiwe. Nikamwambia kwamba ndiyo maana siku tisa za mwanzo wa Machi ni zake, hazitabiriki, na kila mtu kwetu anachagua yake. Siku yako ikiwa na jua, moyo wako utakuwa na jua mwaka mzima. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na yule mkwe aliishia wapi?" Toader, hilo ni la mama yako. Muulize.

Mwaka huu nimechagua tarehe sita. Nipigie siku hiyo mchana, Sinyora ameruhusu. Nataka nisikie kwa mdomo wako kwamba kuna jua.

Sasa jambo gumu. Mwanasheria anasema karatasi yangu ya ukaazi iko njiani, labda itatoka majira ya joto. Nikivuka mpaka kabla haijatoka, jina linafutwa na mlango unafungwa. Kwa hiyo Pasaka hii nayo mtakula bila mimi. Binti yetu Ilinca usimwambie bado. Ndani ya bahasha kuna uzi mwekundu na mweupe wa Machi, mfunge mkononi, kisha mti wa kwanza kuchanua autundike hapo mwenyewe.

Mkeo anayekukumbuka hata akimenya viazi,
Zamfira


Fundoaia, 27 Februari 2003

Zamfira,

Soksi ninazo mguuni. Mbuzi alizijaribu, zikambana.

Naandika huku binti yako amenikalia begani akinisahihisha herufi. Amefika darasa la nne, ameshaniona mimi mjinga. Uzi ameufunga kabla ya Machi kuingia, nikimwambia asubiri ananiuliza, "Kwani Machi ataniona?"

Theluji imeondoka kijiji kizima, imebaki kidogo nyuma ya kanisa. Nyuki wangu wametoka. Wazee wameketi nje wamefungua vifungo vya makoti. Mama peke yake ndiye asiyeamini. Jana alisimama uani ananusa hewa, akasema ina harufu ya chuma. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni ndoo uliyoshika." Alinirushia hiyo ndoo. Yeye kachagua tarehe tisa, kama kila mwaka, ile mbaya kuliko zote, ili asije akadanganywa. Ilinca kachagua mbili. Mimi nimechukua tano, nikae mlangoni mwa siku yako.

Nimemuuliza habari za yule mkwe. Anasema, "Alibaki nyumbani akala jibini lote, kama wakwe wote."

Simu ya dukani bado imekufa tangu waya ulipoanguka. Kwa hiyo tarehe sita nitavuka kilima kwa miguu, nishuke mjini, nipige pale posta. Mama ananitaka nivae lile koti kubwa la ngozi ya kondoo. Nikitembea nalo kwenye jua hili watoto watanizomea, "Dokia! Dokia!"

Mtoto ameshalala sasa. Kuhusu Pasaka, nimeelewa. Sitasema mengi, herufi zenyewe zinanitoa jasho. Ipate hiyo karatasi. Sisi hatuhami.

Toader


Cremona, 7 Machi 2003

Toader wangu,

Tangu jana natabasamu mpaka Sinyora ananiuliza kama nina homa.

Nilikuwa nimekaa chini kando ya simu tangu asubuhi, kama paka mbele ya shimo. Ilipolia nikaiachia ilie kidogo, usije ukaringa. Kumbe ulikuwa unatweta kwa kile kilima! Uliposema umevua jaketi umelitupa begani, na kwamba mbele ya posta watu wanakula mbegu za alizeti juani, niliiona hiyo ngazi ya posta, nikaliona hilo jua. Siku yangu! Sasa mwaka mzima nani ataniweza?

Na ule ujinga wetu wa "kata wewe", "hapana, kata wewe", mpaka sarafu zako zikaisha simu ikajikatia yenyewe. Sinyora alicheka akakohoa. Anasema mume wake hajawahi kumpigia simu hata alipokuwa vitani. Nikamwambia, "Sinyora, wakati huo simu zilikuwa chache." Akasema, "Na maneno pia yalikuwa machache."

Umeniahidi Pasaka utapiga tena. Nimeshika neno lako. Umefika nyumbani salama? Mama alikupa supu au matusi? Niandikie hata mistari miwili.

Zamfira, mwenye jua


Fundoaia, 20 Machi 2003

Mwanangu Zamfira,

Mwandiko huu ni wangu, usishtuke kwa ubaya wake. Toader hawezi kuandika kwa sasa. Aliumia mkono alipokuwa akipasua kuni, nimeufunga kitambaa na siki. Si jambo la kukunyima usingizi.

Siku yako ilikuwa na jua. Hilo umeshalisikia kwake mwenyewe.

Sikukuu ya Mashahidi, ile ya tarehe tisa, tumeipitisha. Nilioka mikate midogo ya umbo la nane, nikaipaka asali na kokwa za jozi, Ilinca akala mpaka akaugua tumbo. Mwaka huu niligawa mingi sana kijijini. Waliipokea.

Ilinca amekuchorea picha, nimeiweka humu. Kuandika kumemchosha, walimu wanawapa kazi nyingi. Usimlazimishe.

Simu ya dukani bado. Wala usihangaike kumtafuta mtu wa kuitengeneza. Barua zako mpe Costache, dereva wa basi linalokuja kwetu kutoka huko, mkononi mwake, yeye ataniletea mimi mwenyewe. Kula vizuri. Shikilia karatasi yako. Mwanangu, sikiliza la mwanamke mzee: usiiachie hiyo karatasi kwa ajili ya mtu yeyote wala jambo lolote.

Mama yako,
Safta


Cremona, 2 Aprili 2003

Mama,

Barua yako imenifurahisha na kunitia wasiwasi. Mkono wa kulia au wa kushoto? Toader kupasua kuni amezaliwa nako, imekuwaje ajiumize? Mwambie aandike kwa ule mkono mwingine, hata akichora msalaba tu nitajua ni wake.

Na jambo lingine. Televisheni ya Sinyora ilionyesha theluji kubwa huko kwetu mwanzoni mwa Machi, magari yamefukiwa barabarani. Nikasema hapana, kwetu kulikuwa na jua, mume wangu alinipigia simu amevua jaketi. Ilikuwa wapi hiyo theluji?

Alhamisi mchana sisi watunza wazee tunapumzika, tunakutana pale bustanini, wanawake wa kwetu wote. Wiki iliyopita Aglaia wa kijiji cha ng'ambo alikuwa amerudi kutoka likizo. Alinikumbatia hakuniachia, kisha akaondoka analia, akasema ni jino. Wengine wakaanza kuzungumzia bei ya viazi. Mama, kuna jambo kwetu ambalo mimi silijui?

Picha ya Ilinca nzuri. Lakini mbona ni nyumba tu, haina watu?

Zamfira


Fundoaia, 14 Aprili 2003

Mwanangu,

Aglaia alikuwa na meno mabovu tangu utotoni, na mama yake vilevile.

Theluji ilianguka, ndiyo. Ile tunayoiita theluji ya wanakondoo, inakuja kondoo wakizaa, inakaa siku chache inaondoka. Milima ya juu ilipata zaidi. Televisheni hupenda kutisha watu.

Toader ameenda kambi ya kukata miti, mbali, ng'ambo ya mto. Mkono umepona. Huko hakuna posta. Kabla hajaondoka aliziba paa lile linalovuja juu ya kitanda chako. Alipanda juu bila ngazi, mimi chini napiga kelele ashuke, yeye ananirushia vipande vya mbao na kucheka. Akala ugali na jibini, sahani mbili. Akasema chumvi haitoshi. Wewe unamjua, kwake chumvi haijawahi kutosha. Alikuwa amevaa zile soksi zako.

Kondoo mweusi amezaa pacha. Mmoja ni wa Ilinca, analala naye kama sijamwona.

Pasaka njema, mwanangu. Usisubiri simu. Kambini hakuna.

Safta


Cremona, 29 Aprili 2003

Toader,

Barua hii nakuandikia wewe, si Mama. Mama amechoka kukufichia, naona hata kalamu yake inaona haya.

Pasaka nilivaa gauni jekundu. Nilikaa kando ya simu siku nzima. Wanawake wale wa bustanini waliniletea mayai ya rangi, nikawaambia siwezi kutoka, mume wangu atapiga. Wakatazamana. Unajua ni aibu kiasi gani kutazamwa vile? Kila mmoja anajua, isipokuwa mimi. Nikifika wananyamaza. Nikiondoka nasikia jina lako.

Mtu ameumia mkono wa kuandikia. Halafu mkono umepona, lakini yuko kambini. Kambini hakuna posta, hakuna simu, hakuna Jumapili. Mimi ni mtoto? Jina lake nani? Yuko mjini, siyo? Ndiyo maana kilima kile ulikipanda kwa furaha, ukafika unatweta, ukanidanganya kwamba ni kwa ajili yangu.

Mimi huku nafuta vikongwe, nalala kwenye godoro la kukunja, nahesabiwa miongoni mwa watu wasiokuwepo, ili binti yako apate kusoma. Na wewe umeshindwa kuvumilia majira mawili ya baridi peke yako.

Usinipigie. Nimemwambia Sinyora, ukipiga akate. Sitaki kuisikia sauti yako tena maisha yangu yote. Karatasi ikitoka nakuja kumchukua mtoto. Wewe kaa na huyo wako.

Zamfira


Fundoaia, 9 Mei 2003

Zamfira,

Barua uliyomwandikia Toader nimeifungua mimi. Nimezifungua zote, ile ya Machi na hii. Nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa, nikaisoma tena.

Uongo nimeuweza. Lakini kumwacha mwanangu aitwe mzinzi na mke wake, hilo siliwezi. Keti chini, mwanangu. Kama Sinyora yuko karibu, mwambie akushike mkono.

Toader amekufa. Alikufa siku yako, akirudi kutoka kukupigia simu.

Nitakueleza yote, maana usiyoelezwa utayabuni mwenyewe, na utabuni mabaya zaidi.

Asubuhi ile kulikuwa na jua kweli, hakukudanganya. Nilimtolea lile koti la ngozi, akaliacha juu ya uzio. Alifika posta, mkaongea. Akaingia dukani akamnunulia Ilinca kalamu za rangi. Mwokaji pale mjini anasema alikuwa anacheka peke yake. Upepo ukageuka. Mwokaji akamwambia, "Toader, tazama kilima kilivyokuwa cheusi, lala hapa kwetu." Akajibu, "Leo ni siku ya mke wangu. Imeanza na jua, haiwezi kunifanya kitu." Akaondoka na jaketi lake begani.

Tufani ya theluji ilimkuta kule juu kwenye chemchemi. Sisi huku chini hatukuona hata uzio. Nilipiga kengele ya kanisa mwenyewe, mpaka kamba ikanichuna, ili asikie upande wa kijiji ulipo. Wanaume walitoka mara mbili, upepo ukawarudisha. Walimpata theluji ilipotulia, kwenye rundo la nyasi kavu la jirani yetu Precup. Pale pale, Zamfira. Pale ambapo ukiita, mbwa wetu anabweka.

Alikuwa amevua jaketi na shati. Jaketi lilikuwa limekunjwa vizuri, limewekwa kando. Nilidhani ameibiwa, nikapiga mayowe. Precup akaniambia hapana, wanaokufa kwa baridi hufikia mahali wanaona joto kali, wanavua wenyewe. Basi nimelishika hilo. Mwishoni hakuona baridi. Mwanangu aliona joto.

Kalamu za rangi zilikuwa mfukoni. Ndizo Ilinca anazokuchorea.

Sasa nisikilize. Nilipokuwa namwosha niliwaza: nikimwambia Zamfira, ataacha kila kitu apande basi. Atafika amechelewa hata kumwona, maana hatukuweza kumweka zaidi. Na karatasi itakuwa imekwenda. Mume amekwenda, karatasi imekwenda, mtoto atakula nini? Nikamwambia padri, "Usimwandikie." Akasema uongo ni dhambi. Nikamjibu, "Iandike kwangu." Nikamwapisha Costache. Nikakiapisha kijiji. Ilinca sikumfundisha uongo. Nilimwambia, "Usiandike, chora tu." Ndiyo maana nyumba haikuwa na watu. Hakujua awachore wangapi.

Na kuna sababu nyingine, nayo ni ya aibu zaidi. Nilipokuandikia kwamba amepanda juu ya paa, nilimwona. Nilisikia vipande vya mbao vikianguka. Nilimaliza ile barua nikatoka nje kumtazama. Mimi niliyemzika. Barua nilizokuandikia ndizo zilizokuwa mahali pake pa mwisho pa kuishi, na mimi sikutaka zifungwe.

Utasema wewe ndiye uliyemwita kwenye ile simu. Usiseme. Mimi ndiye niliyeliacha koti juu ya uzio nikaingia ndani. Tukianza kugawana kosa, halitatosha.

Hakuwa na mwanamke mwingine. Alikuwa na wewe.

Safta


Cremona, 16 Mei 2003

Mama,

Nimeipata. Sinyora ananishikia karatasi isiteleze.

Usiniandikie kwanza. Mwambie Ilinca mama yake yupo.

Z.


Cremona, 3 Juni 2003

Safta,

Sijui nikuite nani, kwa hiyo nakuita kwa jina.

Nilifunga mfuko nikaenda kituoni. Costache alikuwa anapakia mizigo. Nikamwambia, "Nipeleke nyumbani." Akasema, "Dada Zamfira, niliapa mbele ya jeneza kwamba sitakuvusha mpaka bila karatasi." Nilimpiga kofi mbele ya abiria. Alisimama tu, kofia mkononi, akaniambia, "Piga tena ukitaka, lakini hupandi." Basi likaondoka. Nilikaa pale kituoni juu ya mfuko wangu mpaka mfagiaji akaniuliza kama nina pa kwenda.

Umenipokonya maziko ya mume wangu. Umesikia? Wanawake wote wa Fundoaia walimlilia, Precup alimbeba, mwokaji wa mjini alikuja, nina hakika alikuja. Mimi wakati huo nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwehu. Nilivaa nyekundu. Nilikula mayai ya rangi. Nilimwita mzinzi, na yeye yuko chini ya udongo. Ungeniambia, ningemwomba radhi kwa yale madogo. Sasa nimwombe vipi kwa hili?

Na ile karatasi unayoihofia, ningeitafuna mbele ya mwanasheria.

Ulikuwa na haki gani? Yeye alikuwa mwanao, sawa. Lakini alikuwa mume wangu. Bibi Dokia alimtuma mkwe wake mtoni akafue sufu nyeusi mpaka iwe nyeupe. Wewe umenituma zaidi ya hapo.

Usinijibu.

Zamfira


Fundoaia, 15 Juni 2003

Zamfira,

Umesema nisijibu, sijibu. Naleta habari tu.

Mtoto ni mzima. Kondoo wake amekuwa msumbufu, anaingia jikoni. Chakula cha kumwombea marehemu cha siku arobaini nilikifanya mimi, na cha miezi mitatu nimekifanya. Ngano niliichemsha vizuri. Cha miezi sita nimekuachia wewe.

Yale uliyosema ni kweli. Sina la kupunguza. Ukiwa na mengine, yalete, mlango uko wazi na mimi siendi popote.

Safta


Cremona, 12 Agosti 2003

Mama,

Karatasi imetoka. Ina picha yangu, nimekunja uso kama mwizi. Niliishika nikangoja nifurahi, furaha haikuja.

Costache ameniwekea kiti cha mbele. Nitafika kabla ya miezi sita. Usichemshe ngano. Nichagulie tu, iache kwenye bakuli, nitaichemsha mwenyewe.

Nitamchukua Ilinca. Shule hapa inaanza katikati ya Septemba. Nakuandikia sasa ili usiambiwe ghafla mlangoni. Jambo la ghafla nalijua lilivyo.

Zamfira


Cremona, 19 Oktoba 2003

Mama,

Tumefika, tumezoea kidogo. Ilinca anaenda shule kwa miguu, inaonekana dirishani kwetu. Siku ya kwanza alirudi akasema, "Wanaongea kama wanaimba, na mimi ndiye nisiyejua wimbo." Sasa ameanza kujua. Sinyora anamfundisha kuhesabu kwa karata, na anaibiwa na mtoto huku anajifanya haoni.

Mama, nilipokuwa huko sikuweza kusema. Nilikuja na maneno mengi niliyoyapanga njiani. Nikakuta buti zake mlangoni umezipaka mafuta, nikaona ulivyokonda, mikono yako ina makovu ya ile kamba ya kengele, maneno yote yakaniishia. Pale makaburini ulisimama nyuma yangu, ukaniachia nafasi yote, ukawafukuza hata wale wanawake wa kuomboleza. Nililia nilivyotaka. Sikukushukuru. Nilikuwa bado nina hasira nawe. Bado ninayo kidogo. Lakini nimechoka kuishika, na mtu ninayetaka kumwambia kwamba nimechoka ni wewe.

Njoo ukae nasi. Sinyora amesema kuna chumba. Anasema mtakaa wawili dirishani mkiwasema wapita njia. Hapa baridi si kali. Hapa Machi ni Machi tu, hana hasira. Huna tena wa kumpikia huko.

Na jambo moja nakuomba, hata kama ni la kichaa. Niandikie tena habari zake, kama ulivyokuwa ukiandika ile Aprili. Kwamba ameziba paa, amekula sahani mbili, amesema chumvi haitoshi. Nitajua si kweli. Niandikie tu.

Zamfira


Fundoaia, 23 Novemba 2003

Mwanangu Zamfira,

Theluji ya kwanza imeanguka leo, mapema. Nimepokea barua yako na picha ya mtoto. Amekata nywele! Mwambie nimelia, kisha mwambie amependeza.

Kuja huko siwezi. Nani atamwashia Toader mshumaa hapa Jumamosi? Precup? Yule akiwasha mshumaa anachoma kanisa. Na kondoo wa Ilinca ananifuata mpaka chooni, nimwache na nani? Mimi ni wa hapa, hewa ya huku hata ikininyonga ninaijua. Mshukuru Sinyora. Mwambie wapita njia wa Fundoaia nawasema vya kutosha mimi peke yangu.

Lile uliloniomba nimejaribu. Naapa nimejaribu. Nilikaa na kalamu, nikaandika "Toader ameamka mapema," nikangoja. Hakuja. Ile Aprili alikuwa anakuja mwenyewe, mimi nafuata nyuma naandika tu. Siku niliyokuandikia ukweli ndiyo siku aliyoniondokea. Wewe ulimpoteza Mei, mwanangu, na mimi vilevile. Yale ya Machi yalikuwa maziko tu.

Lakini nina moja la kweli, sikuwahi kukwambia. Kila Jumapili tunampa padri karatasi ya majina, walio hai upande mmoja, waliofariki upande mwingine, ayasome. Mimi miezi yote hiyo nilikuwa namwandika Toader kwa walio hai. Padri aliniita pembeni, akaniambia, "Safta, huyu nilimzika mwenyewe." Nikamwambia, "Soma kama ilivyoandikwa." Naye, Mungu amsamehe, akasoma. Mara ya kwanza kumwandika upande ule mwingine ni siku mlipoondoka na basi. Nilirudi nyumbani nikakuta kikombe cha mtoto mezani, na maziwa yake nusu. Nikakaa, nikachukua kalamu, nikamhamisha.

Sasa neno la mwisho, kisha nikawashe moto. Wewe bado kijana. Najua hutaki kusikia, na mimi sitaki kusema, kwa hiyo nasema upesi. Siku moja atatokea mtu, mtu mwema, anayemchekesha Ilinca. Usiniombe ruhusa. Wala usinifiche kwa kunihurumia, tumeona wenyewe kufichana kunavyofanya. Niandikie tu jina lake, kwa herufi kubwa, maana macho yangu yamefifia.

Nitampelekea padri. Nitamwambia amsome kwa walio hai, na asome polepole.

Mama yako,
Safta